Shemeji Aliuliza

Fundi huyo aliitwa Pua, ingawa pua yake yenyewe haikuwa kubwa. Jina lilimpata kwa sababu hakuhitaji kufungua boneti ili ajue gari linaumwa nini. Gari likiingia gerejini alilizunguka mara moja, mikono nyuma, ameinama kidogo kama mtu aliyeangusha sindano, halafu anasema: hili linakunywa maji ya rejeta, hili klachi imeungua, hili petroli inaingia nyingi kuliko inayochomwa. Hakuwa anakosea sana. Wateja walimtania kwamba kabla ya kwenda kwake ni lazima uoge, la sivyo atakutajia ulikolala. Mkewe naye alisema kuolewa na mtu wa namna ile ni sawa na kuolewa na mpelelezi, kwa sababu hata ukijipikia kitu kidogo mchana ukala peke yako, jioni anakuuliza kilikuwa kitamu.

Gereji ilikuwa uwanja wa udongo mweusi kwa oili, umezungushiwa mabati, wenye kibanda kimoja na geti la barabarani. Pua aliimiliki pamoja na mchomeleaji mmoja aliyekuwa rafiki yake tangu wote wakiwa vijana wa kubeba vyuma. Baadaye rafiki huyo alimwoa dada yake Pua, mdogo wake wa pekee ambaye Pua ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Tangu siku ile Pua akawa anamwita Shemeji, wateja nao wakaiga, mpaka mtaa mzima ukawa na shemeji mmoja. Wapo waliodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Mshono wake wa chuma ulilala sawa kama mshono wa cherehani. Lakini moshi wa kuchomelea ulikuwa umeshaiharibu pua yake zamani. Mwenyewe alisema aliikaanga akiwa kijana. Hakuweza kutofautisha petroli na maji ya sabuni. Kwa hiyo wawili hao walikuwa na utaratibu wao. Kabla Shemeji hajashusha barakoa ya kuchomelea na kuwasha, anauliza, "Shemeji, panasemaje?" Pua anainama, ananusa chini ya gari, upande huu na upande ule. Akisema "Safi," cheche zinaanza kuruka. Akinyamaza, kazi inasimama mpaka uvujaji upatikane. Waliishi hivyo miaka mingi bila mtu kuungua hata ukucha.

Mwanzoni mwa mvua, Pua aliugua mafua mabaya. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha, pua ikafunguka, lakini harufu hazikurudi. Aligundua bafuni. Sabuni ilikuwa kitu cha kuteleza tu mkononi, haina habari yoyote. Akatoka akanusa kopo la petroli, akanusa oili chafu, akanusa soli ya kiatu chake. Hakupata kitu. Alijiambia itarudi, kama mtu anavyojiambia mgeni aliyechelewa yuko njiani.

Haikurudi. Gerejini alianza kufanya kazi kwa ujanja. Alisikiliza injini kwa makini zaidi, alichungulia rangi ya plagi, alishika mabomba kwa mkono kujua joto liko wapi. Bado alizunguka magari akiwa ameinama, maana wateja walipenda kumwona akifanya hivyo. Na kwa kuwa alikuwa fundi mzuri hata bila pua, hakuna aliyeshtuka.

Mkewe ndiye aliyemkamata. Siku moja aliacha maziwa jikoni akatoka kuanua nguo, akimwachia mumewe aliyekuwa ameketi hatua chache kutoka kwenye jiko, anasikiliza redio. Aliporudi nyumba ilikuwa inanuka hadi barazani, sufuria imekuwa nyeusi, na mumewe ameketi palepale anatikisa mguu kufuata wimbo. Hakumgombeza. Alizima jiko, akakaa mbele yake, akamuuliza ni tangu lini. Pua akamweleza.

Mkewe alimwambia kesho yake asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, amwambie Shemeji. Pua alisema atamwambia. Kesho yake hakumwambia. Mkewe alipomuuliza tena, alijibu kwa hasira ambayo hakuwa nayo siku zote.

"Mtu anayeitwa Pua akienda kutangaza kwamba hana pua, anabaki nani?"

Mkewe aliona ni fedheha ya mwanamume, itapoa. Akaliacha.

Gari lililoleta balaa lilikuwa la mkunga wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Lilikuwa dogo, la petroli, alilolitumia kuwafuata wajawazito wasioweza kutembea. Alilalamika kwamba gari limekuwa zito, ukikanyaga mafuta linaguna tu, mlima wa zahanati linaupanda kwa kubembelezwa. Taa ya injini ilikuwa imewaka muda mrefu naye aliizoea kama mapambo. Na linanuka, alisema, linanuka mayai viza; juzi mama mmoja mwenye uchungu alitapika humo ndani, si kwa uchungu, kwa harufu.

Pua aliinama nyuma ya bomba la moshi, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kama daktari. "Mayai viza kweli," alisema.

Ugonjwa aliupata kwa njia nyingine. Koili ya plagi moja ilikuwa imekufa, kwa hiyo silinda moja ilikuwa inapokea petroli bila kuichoma. Petroli hiyo ilikuwa ikisukumwa mbichi hadi kwenye masega, lile kopo la chuma lililo kwenye bomba la moshi, ambalo ndani yake kuna matundu madogo madogo kama sega la nyuki ya kusafishia moshi. Ilifika humo ikawaka. Masega yaliiva mpaka yakayeyuka na kujiziba yenyewe. Walipoyafungua, Shemeji aliyatikisa sikioni, yakalia kama kopo lenye kokoto.

Mafundi wengi wangeyatoboa kwa nondo, wakatoa takataka zote na kurudisha kopo tupu. Mkunga alikataa. Alisema yeye anabeba watu wawili kila anapobeba mtu mmoja, hataki wavute moshi mbichi. Shemeji alimuunga mkono, akaenda mwenyewe kutafuta masega mazima kwenye gari la aina hiyo lililopata ajali. Aliyapata, ila shingo yake ilikuwa fupi kidogo. Ilibidi kuongeza kipande cha bomba. Kipande hicho kilitakiwa kushikizwa kwa nukta tatu za moto chini ya gari, ili pembe ikae sawa, kisha kifunguliwe kichomelewe vizuri juu ya meza. Nukta tatu tu, kazi ya mara moja.

Lakini masega yalipokuwa yanaiva yalikuwa yamepika vitu vingine. Paipu ya petroli ilipita hapo karibu, na mahali fulani juu ya bati la kukinga joto ilikuwa imeunganishwa kwa mpira. Mpira ule ulikuwa umekauka na kupasuka kwa upande wa juu, usioonekana ukiwa umelala chini. Asubuhi hiyo Pua alikuwa amefunga koili mpya, akawasha swichi mara kadhaa kuangalia kama ile taa itazimika, na kila alipowasha, pampu ilisukuma petroli kwenye paipu. Ikatoka kwenye ufa, ikajaa kwenye bati, ikatiririka taratibu kwenye udongo ambao miaka yote ulikuwa mweusi na wenye unyevu. Taa ilizimika. Pua alifurahi, akafungua waya wa betri, akamwita Shemeji.

Shemeji alilala juu ya boksi, akajisukuma chini ya gari, akaweka kipande mahali pake. Barakoa ilikuwa bado iko kwenye paji la uso.

"Shemeji, panasemaje?"

Pua aliinama. Alinusa upande huu, akanusa upande ule. Aliangalia kote, kwa kweli aliangalia sana, na hakuona kitu.

"Safi," alisema.

Moto haukuanza kwa kishindo. Ulianza kwa sauti kama ya mtu anayevuta shuka, kisha chini yote ya gari ikawa ya manjano. Pua alimshika Shemeji miguu akamvuta. Alimfunika kwa turubai, akamwagia mchanga wa kwenye ndoo, akazima shati kwa viganja vyake. Watu wa duka la jirani wakaja na mchanga zaidi, gari likazimwa kabla tangi halijashika. Mkunga aliona moshi kutoka zahanati akavuka barabara mbio. Alipiga magoti kando ya Shemeji, akaagiza maji, akaanza kumwagia kifuani na mikononi polepole, akizungumza naye kwa sauti ileile anayozungumza na wanaojifungua. Ndipo alipoinua uso.

"Mbona petroli inanuka hivi?" aliuliza. "Nimeisikia tangu getini. Nyie mlikuwa hapa mnafanya nini?"

Pua alikuwa ameshika ndoo tupu. Shemeji alikuwa amelala chali, nyusi hana, macho yako wazi, na macho yale yalihama kutoka kwa mkunga yakaja kwa Pua, yakabaki hapo.

Hospitalini walimweka kwenye wodi ya walioungua, chini ya chandarua kilichoinuliwa kwa matao ya waya ili kisimguse. Mkewe, dada yake Pua, aliketi kando ya kitanda kutoka saa ya kuruhusiwa kuingia hadi saa ya kufukuzwa. Kila aliyeuliza imekuwaje, Shemeji alitoa jibu moja, kwa midomo iliyovimba: alikuwa na haraka, akasahau kumuuliza Pua. Alimwambia daktari hivyo, akamwambia mkewe hivyo, akawaambia majirani hivyo.

Pua alipokuja na viganja vyake vilivyofungwa bandeji, Shemeji alimwambia mkewe aende akanywe chai. Walipobaki wawili Pua alisogea karibu na chandarua.

"Tangu lini?" Shemeji aliuliza.

"Tangu yale mafua."

Shemeji alifumba macho. Pua alidhani amelala, lakini alikuwa anakusanya pumzi.

"Ungeniambia tu. Ningepitisha kitambaa kwenye paipu kabla ya kuwasha. Ni hilo tu lingehitajika."

Pua alimuuliza kama anataka maji. Shemeji akakubali, akanywa kwa mrija, nusu ikamwagikia shingoni.

"Dada yako nimeshamwambia nilisahau," alisema. "Na wewe sema hivyohivyo. Huenda atakosa mume, asikose na kaka."

Kwa siku kadhaa ilionekana atapona. Alikula uji, aliulizia gari la mkunga, alilalamikia mto. Kisha vidonda vikaingiwa na uchafu, homa ikapanda, akaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Alifariki mchana, wauguzi wakibadilisha mashuka, mkewe akiwa ameenda kufua kitenge.

Baada ya mazishi watoto wa marehemu, ambao walikuwa wakubwa na wanaishi mbali, walirudi makwao. Dada akabaki peke yake. Mke wa Pua alikwenda kila siku kumpikia, na kila siku alirudi na chakula kilekile. Wifi yake hakuwa analia. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha jikoni, anaisugua meza kwa kidole mahali pamoja. Siku moja akaeleza kinachomla. Asubuhi ile ya moto walikuwa wamegombana, ugomvi wa kipuuzi, juu ya geti la nyumbani kwao. Bawaba yake ilikuwa imekatika, na mumewe aliahidi kuichomelea, akaahidi tena, mwezi ukapita. Akamwambia kazi za watu unazikumbuka, za nyumbani kwako unasahau, kichwa chako kimejaa moshi. Mumewe aliondoka bila kunywa chai.

"Nilimwita msahaulifu, wifi," alisema. "Akaenda kazini na neno langu kichwani, akasahau."

Mke wa Pua alirudi nyumbani akamweleza mumewe neno kwa neno. Pua alisema marehemu ndiye aliyetaka iwe hivyo, ni wasia wa mtu aliye kitandani, hawezi kuuvunja. Alikuwa amelishikilia hilo tangu hospitalini kama mtu anavyoshikilia ukingo wa kitanda ili asianguke.

"Alisema vile akidhani anamsaidia," mkewe alijibu. "Hakukumbuka walivyoagana na mkewe asubuhi ile, au alikumbuka na hakufikiri. Wewe sasa unajua. Dada yako anakwisha mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyeyaona yale maziwa nikanyamaza. Mwambie wewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Alikwenda jioni moja, jua bado lipo. Geti la dada yake lilikuwa limefungwa kwa waya, chini limechimba mfereji kwenye udongo. Dada alimkaribisha jikoni, akamuuliza viganja vinaendeleaje. Pua hakukaa.

"Shemeji aliuliza," alisema.

Dada hakuelewa.

"Hakusahau. Aliniuliza kama siku zote. Mimi ndiye niliyemwambia pako safi. Nilikuwa sisikii harufu tangu mvua zilipoanza, na sikumwambia mtu."

Dada akamwambia aseme tena. Pua akasema tena, kila neno lilelile, kwa sababu hakuwa na mengine.

"Kwa hiyo hakusahau," alisema dada.

"Hakusahau."

"Na aliposema amesahau?"

"Alikuwa ananisitiri. Alitaka usinikose."

Dada aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Aliuliza kama wifi yake alijua. Pua angeweza kudanganya hapo, na njia nzima alikuwa ameazimia kudanganya kwa hilo moja. Akasema ndiyo, alijua kwamba pua imekufa, na alimsihi aseme.

Ndipo dada alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia kwa sauti ndogo ya ndani, na katikati ya kilio alikuwa akilitaja jina la mumewe, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo Pua hakuwa amelisikia likitajwa miaka mingi. Alipotulia alisimama, akamsindikiza nje kama mgeni yeyote. Alilinyanyua geti kwa mikono miwili ili lipite juu ya udongo, akamsubiri apite, akalirudisha.

"Usije tena, kaka," alisema kutoka ndani. "Na wifi mwambie asije."

Majirani walisema tangu siku ile alianza kula. Mke wa Pua aliposikia hivyo aliingia chumbani akafunga mlango, akakaa huko hadi watu wa nyumbani walipouliza habari ya chakula.

Gari la mkunga lilikuwa bado gerejini, limeungua upande wa chini. Pua alibadilisha paipu yote ya petroli kutoka tangini hadi kwenye injini. Shingo ya masega aliipeleka kwa mchomeleaji mwingine, mtaa wa tatu, ikachomelewa mbali na gari, akairudisha akaifunga kwa bolti. Mkunga alipokuja kulichukua, Pua aliwasha injini, kisha akamwambia mbele ya wateja wengine wawili kwamba yeye hana uwezo wa kusikia harufu yoyote, kwa hiyo tafadhali akague mwenyewe. Mteja mmoja alicheka akidhani ni utani, akaacha. Mkunga aliweka mkoba wake juu ya kiti, akapiga magoti na sare yake nyeupe kwenye ule udongo, akanusa chini ya gari kuanzia mbele hadi nyuma bila haraka.

"Petroli hakuna," alisema akijikung'uta. "Mayai hakuna."

Alimwangalia Pua kwa jicho la kazi yake, akamuuliza kama analala. Pua alisema kidogo. Mkunga alimwelekeza kwa daktari wa masikio na pua, na Pua alikwenda, akaambiwa neva zikifa hivyo pengine hurudi na pengine hazirudi. Hakumuuliza daktari zaidi.

Wateja wengine waliendelea kuja. Wengine walihama. Yule mchomeleaji wa mtaa wa tatu alikataa kufanya kazi kwenye uwanja ule, na Pua hakumlaumu. Kila cha kuchomelea akawa anakibeba kwa toroli kumpelekea.

Dada yake alionana naye mara moja tu baada ya hapo, kwenye foleni ya zahanati. Yeye alikuwa mbele, Pua nyuma kwa watu wanne au watano. Dada alikuwa amepata nguvu, amesuka nywele, anazungumza na mwanamke aliye kando yake kuhusu dawa ya mgongo. Zamu yake ilipofika aligeuka, akamtazama kaka yake usoni kitambo, kama mtu anayetaka kuhakikisha sura aliyoiona zamani. Kisha akaingia kwa daktari. Pua alisubiri atoke, lakini alitokea mlango wa upande wa pili.